AFYA NYUMBANI: Damu Katika Choo cha Mtoto



Mama akiona michirizi ya damu katika winda la mtoto mchanga, moyo humwenda mbio, wala si ajabu. Jirani mmoja atasema ni minyoo. Wa pili atasema ni jicho la mtu. Wa tatu atasema maziwa ya mama yameharibika, mtoto aachishwe upesi. Mwezi huu twataka kueleza habari za ugonjwa mmoja wa utumbo mpana, ili kila mzazi na kila mwalimu ajue lifaalo kufanywa, na zaidi ajue lisilofaa.

Matabibu huuita kolitisi ya eosinofili. Jina ni gumu, lakini maana yake si ngumu. Katika damu yetu mna chembe nyeupe za namna nyingi, nazo ni kama askari walindao mji. Mwaka 1879 tabibu Mjerumani, Paul Ehrlich, alizitambua chembe za namna moja ambazo hushika sana rangi nyekundu iitwayo eosini, na kwa hiyo zikaitwa eosinofili. Kazi yao moja ni kupigana na minyoo. Hata katika utumbo wa mtu mzima wa afya wamo wachache, wala hawadhuru. Lakini pengine mwili hukosea, ukadhani chakula chema ni adui. Hali hiyo ndiyo iitwayo mzio. Hapo askari hao hukusanyika kwa wingi katika utumbo mpana na kumwaga sumu zao, na utumbo huvimba na kutoa damu. Kweli walinena wahenga: Kikulacho ki nguoni mwako.

Ugonjwa huu huonekana kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya watoto wachanga, nayo kwa kawaida huanza katika miezi ya kwanza ya maisha. Mtoto ananyonya vema, anaongezeka uzito, anacheka. Ila choo chake kina damu kidogo na ute. Mara nyingi sababu yake ni protini ya maziwa ya ng'ombe, na pengine soya. Mtoto aweza kuipata hata kama ananyonya tu, kwa maana sehemu ndogo ya chakula alacho mama hupita katika maziwa yake. Ya pili ni ya watu wazima, nayo ni adimu sana. Mtu huumwa na tumbo, huhara, pengine hukonda. Ugonjwa ukiingia katika misuli ya utumbo, waweza kuuziba. Ukifika ngozi ya nje, tumbo laweza kujaa maji.

Basi tufanyeje? Jambo la kwanza ni kwenda hospitali, choo kipimwe. Katika nchi zetu sababu za damu ni nyingi: kuhara damu, amiba, minyoo, na kichocho cha tumbo kwa wakaao kando ya maziwa makubwa. Minyoo nayo huwaita askari hao hao. Kwa hiyo yapasa kuwatafuta adui wa kweli kabla ya kusema kwamba mwili umekosea. Mtoto akiwa na homa, au kutapika sana, au tumbo limevimba, au amelegea, au damu ni nyingi, msingoje hata siku moja.

Jambo la pili: mama asimwachishe mtoto. Maziwa ya mama hayana kosa. Tabibu akidhani ni mzio, atamwambia mama mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe kwa muda wa majuma mawili hadi manne: maziwa mabichi na ya mgando, chai ya maziwa, siagi, samli, jibini, na mikate iliyotiwa maziwa. Maziwa ya mbuzi hayafai kuwa badala yake, kwa kuwa protini zake zafanana sana na za ng'ombe. Mama na ale dagaa pamoja na mifupa yao, ili asikose chokaa ya mifupa. Mara nyingi damu hupungua katika siku chache. Mtoto asiyenyonya huhitaji maziwa maalum ya kopo ambayo protini yake imekwisha kuvunjwa, naye tabibu ndiye atakayeyachagua.

Jambo la tatu husahauliwa na wengi. Damu ikikoma, mama ajaribu tena maziwa kwa shauri la tabibu. Damu ikirudi, sababu imejulikana; isiporudi, hakuna haja ya kuyakataza. Watoto wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka mmoja au karibu na hapo. Lakini nyumba nyingine hukataza maziwa, kisha mayai, kisha samaki, kisha karanga, yote kwa pamoja, hata mama akadhoofika na mtoto akakonda. Mtoto huyo ugonjwa wake ulikuwa mdogo. Njaa ndiyo iliyomwumiza.

Kwa mtu mzima, tabibu huingiza mrija wenye taa ndani ya utumbo, akatoa vipande vidogo na kuzihesabu chembe hizo kwa hadubini. Dawa itumikayo sana ni ya jamii ya prednisoloni. Hutuliza uvimbe, lakini ugonjwa waweza kurudi. Tena mtu asiinunue mwenyewe dukani. Yuko mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, ambaye mtu aweza kukaa naye miaka mingi bila kujua. Dawa hii ikiwalegeza askari wa mwili, mnyoo huyo huzaana mno na aweza kuua. Ndiyo sababu twasema: minyoo kwanza, prednisoloni baadaye.

Walimu nao wanayo sehemu yao. Mwanafunzi aliyekatazwa maziwa na tabibu asishurutishwe kuyanywa shuleni, wala asidhihakiwe kwamba anadeka. Na nyumbani, jirani ajapo na shauri lake, mshukuruni kwa upole. Kisha mchukueni mtoto na choo chake mwende mkapime.