Babu Mwenye Majina Matatu



Wapendwa waamini, juma hili alifika ofisini kijana mmoja kuomba cheti cha ubatizo cha marehemu babu yake. Tulipomwuliza kama anawafahamu wasimamizi wa babu yake, alicheka kidogo, akasema, "Baba Paroko, hao wa nini tena? Mimi namtafuta babu tu." Jibu lake lilitukumbusha somo tulilolipata mbali na hapa, katika jiji la Pittsburgh, Marekani: anayeutafuta ukoo pasipo kuutafuta mtaa hupata nusu ya habari, na pengine nusu hiyo ni ya uongo.

Tulikaa Pittsburgh kwa masomo, katika Chuo Kikuu cha Duquesne, kilichoanzishwa mwaka 1878 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Jiji lile lililelewa na chuma cha pua. Mwaka 1875 Andrew Carnegie alifungua kiwanda cha Edgar Thomson pale Braddock, kando ya Mto Monongahela, na tangu hapo bonde zima likajaa matanuri na moshi. Wakaja Waslovakia, Wapolandi, Wakroatia na Waitalia. Kutoka majimbo ya kusini wakaja Wamarekani Weusi. Vibarua wa kigeni walifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, na wengi walipanga katika nyumba za wenzao waliotoka nao nchi moja. Kila taifa lilijenga kanisa lake, mara nyingi hatua chache tu kutoka kanisa la jirani.

Siku moja baada ya Misa, bibi mmoja mwenye asili ya Kipolandi alituletea nakala ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Kwa miaka mingi alikuwa akimtafuta babu yake mzaa baba. Nyumbani walisimuliwa kwamba babu huyo, aliyeitwa George, aliitoroka familia yake. Mkewe akafa kwa uchungu, na mtoto wao mchanga akalelewa na watu baki. Aibu hiyo bibi yule aliibeba tangu utoto wake. Ukurasa aliotuletea ulikuwa na tarehe ya kuzaliwa kwa baba yake na jina la nyanya yake, yote sawasawa, lakini baba wa mtoto aliandikwa Adalbertus. Bibi alihofu kwamba amegundua aibu ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kilatini cha seminari, ambacho wengi wetu tulikiona mzigo, kilitufaa siku ile. Adalbertus ndilo jina ambalo mapadre waliliandika kwa Kilatini kwa ajili ya Mpolandi aitwaye Wojciech. Na akina Wojciech wengi, kwa kuwa jina lao liliwashinda Wamarekani kulitamka, waliitwa Albert au George. Mkewe alimwita Wojciech, kiwandani alikuwa George, na mbele ya kisima cha ubatizo aliandikwa Adalbertus. Alikuwa mtu mmoja.

Tulimshauri arudi kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo na kuomba kitabu cha mazishi. Baada ya majuma kadhaa alirudi kwetu akilia. Babu yake hakutoroka. Alizikwa mwaka 1907, na padre aliyemzika aliandika kwamba alifia kazini.

Wapendwa, mwaka huo una uzito wake. Mwanasheria Crystal Eastman, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1910, alihesabu waliouawa na ajali za kazini katika wilaya ya Allegheny, lilipo jiji la Pittsburgh, tangu Julai 1906 hadi Juni 1907. Walikuwa 526, na kati yao 195 walikuwa wa viwanda vya chuma. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi katika jimbo la Pennsylvania ilipitishwa mwaka 1915 tu. Mjane wa mwaka 1907 aliachwa akitegemea hisani ya mwajiri na huruma ya majirani.

Na hao majirani ndio kiini cha tafakari yetu. Chini ya ukurasa ule wa ubatizo yalikuwapo majina ya wasimamizi, mume na mke. Bibi hakuwa ameyatazama, maana alikuwa akimtafuta babu tu. Tulipoyasoma pamoja alinyamaza kimya. Lilikuwa jina la ukoo la wale "watu baki" waliomlea baba yake! Kumbe walimwahidia Mungu kumtunza mtoto yule, na siku ya msiba ilipofika wakaitimiza ahadi. Kwa miaka mia moja ukoo ulimsingizia babu, ukawasahau wafadhili.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaotafuta historia ya familia kwa kufuata jina la ukoo peke yake. Karatasi za serikali zina msaada mkubwa, lakini zina mapengo. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890 ilipotea kutokana na moto wa mwaka 1921. Sensa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ile ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Na kabla ya mwaka 1918 Mpolandi aliweza kuandikwa Mjerumani, Mwaustria au Mrusi, kwa kuwa nchi yake haikuwapo kwenye ramani. Mwenye kujua nani aliishi mlango wa pili, nani alikuwa mpangaji na nani alisimamia ubatizo, huyo hupata njia pale karatasi inapokoma.

Lakini mtaa nao hufa. Mwaka 1941 sehemu ya chini ya mji wa Homestead ilibomolewa ili kiwanda kipanuliwe kwa ajili ya vita, na watu wapatao 8,000 wakahama. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1986. Leo mahali pake pana maduka. Kuanzia mwaka 1956 Lower Hill, mtaa walimoishi Wamarekani Weusi wengi, ulibomolewa pia. Picha za mtaa huo zilizopigwa na Charles "Teenie" Harris zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho, na wazee wamekuwa wakiombwa kuzitazama na kuwataja waliomo. Mzee mmoja akifariki, nyuso kadhaa hupoteza majina. Makanisa nayo yamepungua: tangu mwaka 2018 Jimbo la Pittsburgh liliunganisha parokia 188 zikawa 57. Majengo yanaweza kuuzwa. Vitabu havina budi kutunzwa kama vyombo vya altare, maana humo maskini ameandikwa kwa jina lake.

Yamkini mtu atasema tusifukue ya kale, tutakuta aibu. Ni kweli, huenda tukaikuta. Lakini Mwinjili Mathayo, alipoorodhesha ukoo wa Bwana wetu, hakuwaficha Tamari na Rahabu. Na bibi yule alibeba aibu miaka mingi kwa sababu hapakuwa na aliyefukua. Ukweli ulimwondolea mzigo.

Basi, ndugu wapendwa, nanyi mnaokuja kuomba vyeti, msiishie kwenye jina la babu. Mwulizeni bibi yenu, angali hai, ni nani waliokaa naye mtaa mmoja, nani alimpokea alipofika mjini, nani alisimama naye kanisani. Andikeni, mkitaja na majina ya utani. Na yule kijana wetu tulimsomea wasimamizi wa babu yake, apende asipende. Akaomba kalamu.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki nyote.