Kabla ya kujiunga na kanisa, uliza kura yako iko wapi

Wanangu, leo naongea na wewe unayezunguka makanisa kisiwani kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Wiki hii Tudor, wiki ijayo Ganjoni, ile nyingine unaangalia mahubiri kwa simu ukiwa kitandani. Halafu rafiki anakualika kanisa la Baptist. Unapenda mahubiri, unapenda watu, na mwezi wa pili mtu anakushika mkono mlangoni anakuuliza, "Sasa wewe utajiunga lini?"

Maoni yangu ni haya: kutembelea, tembelea hata mwaka mzima. Lakini siku ya kujiunga, ujue umepewa kura, na uitumie. Kama kura huitaki, baki mgeni tu. Hakuna aibu.

Najua wengi hawaelewi habari ya kura. Tumezoea kanisa ambalo askofu anatuma padri ama kasisi, nyinyi mnapokea. Ama lile ambalo pasta ndiye mwanzilishi, na mke wake ndiye mweka hazina. Kwa Wabaptisti mpango ni mwingine. Kila kanisa linajitawala. Washirika ndio wanaomwita pasta, wanaopitisha bajeti, wanaochagua mashemasi na wanaokubali washirika wapya. Kwenye mkutano wa washirika, mkono wako wewe wa chuo unahesabiwa sawa na wa mzee aliyeegesha gari kubwa pale nje. Makanisa mengine yanaweka umri wa kupiga kura, kwa hivyo uliza mapema.

Hii si fasheni mpya. Mwaka 1612, Thomas Helwys, mmoja wa Wabaptisti wa kwanza kabisa, aliandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya imani ya mtu. Na hakutetea Wakristo peke yao. Alisema hata Muislamu na Myahudi waachwe na Mungu wao, serikali isiwaguse. Alifungwa, akafia gereza la Newgate.

Sasa linganisha na yaliyotokea hapa kwetu miaka hiyo hiyo. Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme wa Mombasa, alichukuliwa na Wareno akiwa mdogo baada ya babake kuuawa. Akalelewa Goa, akabatizwa, akapewa jina Jerónimo Chingulia. Wakamrudisha awe mfalme wao. 1631 aliwageuka, akarudi kwenye Uislamu, akaiteka Fort Jesus, na Wakristo waliokataa kubadili dini wakauawa. Huyo kijana hakuna aliyemuuliza anaamini nini, na yeye alipopata nguvu hakuuliza wengine. Ukipita Fort Jesus kupiga picha, kumbuka hilo. Imani ya kusukumwa haikai, na ikitoka inaumiza watu.

Ndio maana Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga. Unabatizwa ukiwa na akili zako, umeamua mwenyewe, na unazamishwa mwili mzima. Kuna makanisa yenye kisima ndani, mengine hushuka baharini. Kama ulibatizwa hivyo kanisa lingine la Baptist, mara nyingi barua ya kuhama inatosha.

Hapo ndipo penye kazi kwa wengi wetu. Kama ulibatizwa mchanga pale Holy Ghost ama Memorial Cathedral, kuna uwezekano mkubwa utaambiwa ubatizwe tena. Kwa Wabaptisti huo ndio ubatizo wa kwanza. Kwa mamako, ni kama umemwambia ile siku aliyokubeba na kile kitambaa cheupe haikuwa kitu. Ushauri wangu: mwambie kabla, ana kwa ana, si aone picha zako umelowa kwenye WhatsApp. Huhitaji ruhusa yake ukiwa mtu mzima. Lakini heshima anastahili. Na kanisa likikuambia umfiche mzazi, hilo si la kujiunga.

Tuje kwa jambo zito. 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi hapo juu tu, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Lile halikuwa kanisa la Baptist, tusichanganye. Lakini swali linatuhusu sote: nani anamuuliza pasta? Rais aliunda jopo la kuangalia sheria za mashirika ya kidini, likaongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, ambaye aliwahi kuwa pasta wa Nairobi Baptist. Ripoti ikatoka 2024. Sawa, serikali ifanye yake. Mimi naona ulinzi wa kwanza ni mshirika anayeweza kusimama Jumapili mchana aseme, "Samahani pasta, hii pesa ilienda wapi?" na asifukuzwe.

Kwa hivyo ukitembelea, uliza maswali matatu. Moja, katiba ya kanisa iko wapi, naweza kuisoma? Mbili, mkutano wa washirika wa mwisho ulikuwa lini? Tatu, hesabu za sadaka anasomewa nani? Ukijibiwa vizuri, hata kama majibu si matamu, hapo pana nyumba. Ukiambiwa una roho ya uasi, chukua tuktuk urudi nyumbani.

Kuna watakaosema kanisa si bunge, mambo ya Mungu hayapigiwi kura. Nawaelewa. Mikutano ya washirika inaweza kuwa ya kelele, na ukoo mmoja wenye watu wengi unaweza kuburura kanisa zima. Tena kwa vile hakuna askofu juu, washirika wakilala, hakuna wa kuwaamsha. Ni kweli kabisa. Lakini hilo ndilo linalonifanya niseme usijiunge kama utalala.

Na kuna atakayeuliza, kwani lazima nijiunge? Si naabudu tu? Unaabudu, ndiyo. Ila mgeni akiona kitu kibaya, anachoweza kufanya ni kuondoka. Mshirika anaweza kukisimamisha. Vijana wote wenye maswali wakiondoka kimya kimya, kanisa linabaki na wale wanaopiga makofi.

Wabaptisti wa Marekani walifika Kenya 1956, zaidi ya miaka mia baada ya Krapf kushuka Mombasa 1844. Sisi vijana ndio tutakaoamua miaka inayokuja makanisa yao hapa kisiwani yawe ya washirika kweli, ama yawe na katiba kabatini tu. Usijiunge kwa sababu ya kwaya, wala kwa sababu ya yule unayemmezea mate upande wa kinanda. Jiunge siku ambayo uko tayari kukaa mkutano wa masaa matatu kwenye joto la Februari, usikize bajeti ya mabati, na uinue mkono.