Taa za Kaskazini za nini, na Kitulo ipo?

Kila zikisambaa picha za taa za kaskazini, yale mapazia ya kijani yanayocheza angani kule Norway na Iceland, vijana wenzangu wa Mbeya na Iringa wanaandika chini yake: "Kabla sijafa lazima nizione!" Sawa, ndoto hazilipiwi kodi. Swali langu ni dogo tu: anga la hapa kwetu umeshaliona?

Tusidanganyane. Taa zile haziji Loleza. Hutokea pale chembe zenye umeme kutoka kwenye jua zinapoongozwa na usumaku wa dunia hadi karibu na ncha zake, zikagongana na hewa ya juu. Hata dhoruba kubwa ya Mei 2024, iliyozifikisha hadi Mexico, ilitupita sisi majirani wa ikweta.

Lakini nasi tuna chetu. Juni hadi Agosti, mvua zimekwisha na anga ni safi, kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita juu kabisa, si mbali na utosi. Mtu wa Tromsø hakioni hata siku moja, kwa sababu kwake hakichomozi! Alfajiri za Agosti, upande wa kusini, utaona Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani, kwa macho matupu.

Haya yote yanadai kitu kimoja: giza. Mwanjelwa hulipati. Kwa watu wa Mbeya, pazuri ni uwanda wa Kitulo, kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na wengi wanaujua kwa maua tu. Kwa watu wa Iringa, shikeni barabara ya Tungamalenga kuelekea Ruaha, mlale kambini, maana tembo hawajui kama umekuja kuangalia nyota.

Na msiniambie kwamba Watanzania hawana hamu na mambo ya anga. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, umati ulikusanyika Rujewa kulitazama. Hamu ipo. Tatizo tunasubiri tukio, wakati nyota ziko kila usiku.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu anga ni urithi. Wazee walikitazama kilimia wakajua msimu. Novemba kinachomoza mashariki jua linapozama, na ndipo mvua za huku kwetu zinapokaribia. Jina lenyewe linasema: kulima. Leo umuulize msomi wa chuo akuonyeshe kilimia, atatoa simu mfukoni.

Wakati huohuo miji yetu inakua, na taa zake zinalila anga kidogo kidogo. Sisemi tukae gizani, vibaka wapo. Nasema taa ya geti ifunikwe juu, imulike chini anapopita mtu. Kumulika mawingu kunamlinda nani? Halmashauri nazo zilifikirie hilo zinapofunga taa za barabarani. Giza tukishalipoteza, kulirudisha ni kazi.

Basi, tafuta usiku usio na mwezi, changishaneni mafuta ya gari, beba blanketi zito maana Kitulo Julai kuna sakitu. Zima simu, subiri dakika ishirini macho yazoee. Norway itasubiri.

Au mnasemaje, wenzangu?