MNUNUZI WA VIUNGO NAYE ABANWE

Tangu mwaka 2006 dunia imekuwa ikisikia tuhuma nzito kwamba nchini China watu waliofungwa kwa sababu ya imani yao, hasa wafuasi wa Falun Gong, huuawa ili viungo vyao wapandikizwe wagonjwa wenye fedha. Serikali ya China imezikana tuhuma hizo siku zote. Hata hivyo, mwaka 2005 aliyekuwa Naibu Waziri wa Afya wa nchi hiyo, Bwana Huang Jiefu, alikiri kwamba viungo vingi vilitoka kwa wafungwa waliotekelezewa hukumu ya kifo. Baadaye ilitangazwa kwamba desturi hiyo ingekoma Januari 1, 2015.

Serikali za nje nazo zilifanya nini? Nyingi zilisema tu. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio Desemba 2013, likapitisha jingine Mei 2022. Hatuyabezi maazimio hayo, lakini hayamzuii tajiri kupanda ndege kwenda kununua figo.

Waliogusa kiini cha jambo ni wale waliowageukia raia wao wenyewe. Israel, ambako bima ya afya ilikuwa ikigharimia upandikizaji uliofanyiwa China, ilitunga sheria mwaka 2008 kukataza malipo ya viungo vilivyopatikana kwa njia haramu, na safari za huko zikafifia. Italia ilitunga sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2016. Uingereza mwaka 2022 ililiweka kosa la kununua kiungo limfuate raia wake hata akilitenda ng'ambo, na Kanada ikafanya vivyo hivyo Desemba mwaka huo huo.

Mnunuzi hawezi kujificha maisha yake yote. Aliyepandikizwa figo hana budi kumeza kila siku dawa za kuuzuia mwili usiikatae, na dawa hizo huandikiwa na daktari wa kwao. Daktari huyo aamriwe kutoa taarifa ya mahali figo ilikopatikana, bila kutaja jina la mgonjwa. Tukimtisha mgonjwa kwa polisi atafia nyumbani, nasi tutakuwa tumeongeza maiti tu.

Sisi majirani wa Kenya hatuwezi kuliita jambo hili la mbali. Aprili 2025, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kueleza habari za vijana maskini waliouza figo zao kwa wagonjwa wa kigeni, Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi. Hospitali hiyo ilizikana tuhuma. Kenya ilichukua hatua kwa upande wa kisu. Upande wa fedha uko Ulaya na kwingineko walikotoka wagonjwa hao, na tunazitaka serikali za huko zieleze hadharani ni nani aliyelipa, na kwa bima ipi.