Daftari la Wiki: Mguu Haustaafu

Jumatatu. Matatu yetu imetoka Mombasa alfajiri. Kwenye Daraja la Kilifi dereva amepunguza mwendo nyuma ya lori la saruji, nasi tumepata nafasi ya kuitazama hori. Hapa watu walivuka kwa feri mpaka 1991, Wajapani walipomaliza kulijenga daraja. Kijana wa kiti cha mbele amevaa jezi ya njano ya Kashiwa Reysol, Olunga mgongoni. Mwaka 2020 Mkenya huyo alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora. Basi hatukupokea tu. Na sisi tumewapelekea kitu.

Jumatano. Mjapani anayenivutia zaidi ni kocha, Hajime Moriyasu. Enzi zake alikuwa kiungo mkabaji, kazi ya kufagia nyuma ya wenzake. Oktoba 1993 alikuwa uwanjani Doha, Qatar, Japani ikiongoza Iraki 2-1, safari ya Kombe la Dunia la Marekani ikinukia. Dakika za nyongeza, Iraki ikasawazisha. Safari ikafa.

Mwaka 2012 alikabidhiwa Sanfrecce Hiroshima, klabu aliyoichezea, na msimu huohuo akaipa ubingwa wake wa kwanza tangu ligi ya kulipwa ianze. Akaurudia 2013 na 2015. Mwaka 2022 akarudi Qatar na timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia, akazilaza Ujerumani 2-1, Uhispania 2-1. Mechi ikiendelea, yeye husimama pembeni na kijidaftari, anaandika.

Alhamisi. Barazani Shela, hapa Malindi, kahawa imekolea tangawizi na ubishi umekolea kuliko kahawa: mchezaji hodari huwa kocha hodari? Mzee mmoja, Yanga damu, kaweka kikombe chini. “Mwanangu, mtazame Mwalala.”

Bernard Mwalala, mshambuliaji Mkenya, ndiye aliyeifungia Yanga bao pekee walipoilaza Simba Oktoba 2008. Januari 2019 alirudi Dar es Salaam akiwa kocha wa Bandari ya Mombasa, vijana wake wakaitoa Simba 2-1 katika nusu fainali ya Kombe la SportPesa. Mzee akacheka peke yake, kana kwamba bao limeingia sasa hivi.

Mimi nimeshika yaliyofuata. Fainali Bandari walilala 1-0 kwa Kariobangi Sharks. Mwezi Juni wakakutana tena, fainali ya kombe la Shield, Bandari wakashinda 3-1. Mchezaji aliyefungwa hukimbilia mpira wavuni ili mchezo uanze upesi. Kocha hungoja miezi.

Jumamosi. Uwanja wa Alaskan, jioni, kusi inavuma na kila krosi inapinda. Kocha wa vijana, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, amechuchumaa mchangani akipanga vizibo vya soda: vinne nyuma, vitatu kati. “Wewe, kizibo hiki ni wewe. Mbona umekiacha peke yake?” Kijana anakikodolea macho kizibo, hana jibu.

Mara mpira umepotea njia, unamjia juujuu. Kocha ameinuka, ameutuliza kwa kifua, ukateleza mpaka kwenye mguu wa kushoto, kimya. Vijana wameguna. Akautazama kidogo, akainama, akauokota kwa mikono, akawarudishia.

Kisha akarudi kwenye vizibo vyake.