Kiboko akiisha, tilapia nayo itaisha

Ndugu vijana wa Goma, Butembo na Beni,

Wengi wetu tukisikia "kulinda wanyama" tunasema: hiyo ni mambo ya watalii, sisi tuko na njaa na vita. Tunaelewa. Lakini leo tunaomba muangalie sahani zenu. Ile tilapia ya Vitshumbi na Kyavinyonge munayokula, nani anailisha?

Kiboko iko kati ya wale wanaoilisha. Mnyama huyu ana tabia ya ajabu: muchana kutwa analala ndani ya maji, usiku anatoka kula majani inchi kavu, karibu kilo 40 kila usiku. Kisha anarudi ziwani, na mavi mingi anaiacha mule. Mavi ile inalisha vijimea vidogo sana vya majini, wadudu wanakula humo, samaki nao wanakula humo. Ng'ombe haiwezi kuifanya kazi hiyo sawa na yeye.

Miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa na watu wenye silaha, wenye uniforme na wasio nayo, kwa ajili ya nyama na meno. Na wavuvi wa ziwa Edouard wenyewe waliona samaki inapunguka.

Hatusemi ni kiboko peke yake. Nyavu zenye matundu madogo na mitumbwi kupita kipimo nazo zinamaliza ziwa. Tena kiboko anaua watu na kuharibu mashamba. Anayeishi pembeni yake naye ana haki ya kulindwa.

Kwa hiyo tunadai:

- serikali iondoe wote wenye silaha wanaokula faida ya ziwa, hata kama wanavaa uniforme yake;
- wavuvi wadogo wasikilizwe kabla ya amri yoyote kuhusu ziwa;
- wauzaji wakubwa wa nyama ya pori na meno wapelekwe mbele ya sheria, si wabebaji tu.

Na sisi wenyewe tuanzie kwetu: ukiuziwa nyama ya kiboko kwa siri, kataa. Ukiona samaki ndogo sana sokoni, usinunue.

Hatulindi kiboko kwa kufurahisha wageni. Tunamulinda kwa sababu tunataka watoto wetu wakule.