Ndoo Zilikuja, Maji Hayakuja

Twataka kusema neno juu ya misaada iliyoletwa katika vijiji vyetu vya mwambao wakati wa ugonjwa wa korona, nasi twajua ya kuwa wako watakaochukizwa. Watasema, Walimu hawa hawana shukrani. Shukrani tunazo. Walakini shukrani haimfungi mtu kinywa. Tena maradhi hayajaisha duniani: ndugu zetu wa Kagera walipatwa na Marburg mwaka 2023, wakapatwa tena mwaka 2025. Basi heri tuyanene haya sasa, tungali wazima.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, na siku ya pili yake ikatoka amri ya kufunga shule. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na watoto wengine tarehe 29 Juni. Masomo yalitiwa katika redio na televisheni, na hilo lilikuwa jambo jema kwa wenye vyombo hivyo. Lakini katika nyumba za makuti zilizo kati ya Kaole na Mlingotini, redio ikiwapo, betri haipo. Na betri ikiwapo, baba ataka kusikiliza taarifa ya habari.

Shule zilipofunguliwa wahisani walikuja. Walikuja kwa magari mazuri, na karibu kila mmoja alileta kitu kile kile: ndoo ya plastiki yenye koki, vipande vya sabuni, na barakoa. Twaijua shule moja iliyopewa ndoo kutoka kwa wahisani watatu mbalimbali, hata zikapangwa barazani kama duka. Shule hiyo haina kisima wala bomba. Maji yake huletwa na watoto kwa madumu kichwani, kila mtoto dumu lake, kutoka kisima kilicho mwendo wa nusu saa. Kabla ya ndoo, watoto walileta maji ya mpishi na ya choo. Baada ya ndoo, walileta maji ya mpishi, ya choo, na ya ndoo. Ndoo kumi za lita 20 ni lita 200, na lita 200 hazitembei zenyewe. Nani alizibeba? Wasichana, kama ilivyo desturi yetu mbaya. Hivi ndivyo sadaka ilivyowaongezea mzigo wale wale iliokusudia kuwapunguzia.

Wala si kwamba nchi yetu haina maji. Mtambo wa Ruvu Chini umo katika wilaya hii hii ya Bagamoyo. Ulipanuliwa kwa msaada wa fedha za Marekani, ukapewa uwezo wa kutoa lita milioni 270 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo huenda Dar es Salaam kwa bomba kubwa. Hatuwaonei wivu watu wa Dar es Salaam, nao wana kiu kama sisi. Twasema tu kwamba mwenye kutaka kuwanawisha watoto wa Bagamoyo, angalianza kwa kuuliza maji yako wapi, wala hakuna kijijini asiyejua kulijibu swali hilo.

Kuhusu picha tutasema kwa ufupi, maana jambo lenyewe linatia aibu. Siku ya makabidhiano watoto walipangwa juani, bega kwa bega, nyuma ya bango, wapigwe picha. Na ilikuwa ni wakati ule ule tulipoamriwa kuwaketisha mbalimbali wasiambukizane. Bwana wetu alikwisha kuwaonya wapigao tarumbeta watoapo sadaka. Siku hizi tarumbeta ina kioo, na hutiwa mfukoni.

Je, tulihitaji nini? Wageni walipokoma kuja Bagamoyo, wachongaji, wapishi wa hoteli na wauza samaki walikosa riziki. Wavulana wakaenda pwani kuvuta nyavu na kupara samaki. Wasichana wakaenda mjini kufanya kazi za nyumbani, au wakaolewa. Shule zilipofunguliwa tuliita majina katika daftari la mahudhurio, na mengine hayakuitikiwa, wala hayakuitikiwa tena. Mtoto aliyezoea kurudi jioni na samaki wa kitoweo hatarudi darasani kwa sababu ya ndoo. Angalirudi kwa sahani ya ugali na maharage saa sita. Serikali, tangu ilipofuta ada mwaka 2016, ilitenga shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi; fedha hizo si za chakula, na chakula kiliachiwa wazazi, ambao mwaka ule walikuwa hawana kitu. Gunia la mahindi ndilo lililotakiwa. Lakini gunia halipendezi katika picha.

Watu wengine huyataja madarasa 15,000 yaliyojengwa baada ya Oktoba 2021, wakisema, Huo nao ulikuwa msaada wa korona. La, ndugu. Zile shilingi trilioni 1.3 zilikuwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na watoto wanaoketi humo ndio watakaoulipa. Madarasa twayapenda, ila tuyaite kwa jina lake.

Sasa twamsikia mtu akisema, Mtoaji ni mwenye mali, na apewaye hana neno. Na atazame historia ya mji wetu. Sewa Haji, Mhindi tajiri wa Bagamoyo, alijenga shule na kuikabidhi kwa serikali ya Wadachi katika miaka ya 1890, akatia sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi. Alitoa fedha za hospitali pia, na hata leo jengo moja la Muhimbili laitwa kwa jina lake. (Mali hiyo aliipata kwa misafara ya bara, na wapagazi walioibeba hawana jina katika jengo lolote, lakini hiyo ni habari nyingine.) Tazama sharti lake: lilikuwa kwa faida ya mtoto, si kwa sifa ya mtoaji. Ikiwa mtoaji aweza kuweka sharti la namna hiyo, kwa nini mpokeaji asiweze?

Nasi wanakijiji tuna lawama yetu. Mgeni akituuliza shida zetu, twamtajia kile tunachodhani kimo ndani ya gari lake. Kisha twapiga vigelegele, mwenyekiti ahutubu, mgeni aondoke akiamini kwamba ametuponya. Basi kila kamati ya shule ikutane kabla ya mgeni kufika, iandike karatasi moja: kisima kiko umbali gani, watoto wangapi hawali mchana, wangapi hawakurudi na wako wapi. Karatasi hiyo isomwe mbele ya mgeni kabla ya ngoma na kabla ya picha. Akitaka kusaidia katika hayo, tumkaribishe kwa mikono miwili. Akikasirika, na aende na ndoo zake.